Kabla hamjagawana makarai, ulizeni nani anajulikana na wateja

Huku kwetu Mtwara biashara ya familia ikifa baada ya mwenyewe kuondoka watu wana majibu yaleyale, mtaji uliisha, au watoto hawana akili ya biashara, au kuna mkono wa mtu. Nimeyasikia toka nipo mdogo na kwa kweli yananiuma kwa sababu mara nyingi sivyo ilivyokuwa. Mtaji ulikuwepo, watoto wana akili zao timamu, na hakuna aliyeroga. Kilichotokea ni kwamba marehemu alikuwa anaaminika na mkulima fulani huko Kitangari, na konda wa basi la Dar, na mama mmoja mwenye duka Mbagala Rangi Tatu, na hao watu walikuwa wanamwamini yeye kwa jina lake na sura yake na sauti yake kwenye simu, alafu hakuna mtu hata mmoja wa nyumbani aliyewahi kuchukuliwa akapelekwa kwao akaambiwa huyu ndo atakuja siku mimi sipo. Basi akifa na wao wanaenda. Yanabaki makarai na mzani, na ndo hayo tunagombania arobaini ikiisha.

Mi nimelelewa na mama mkubwa, dada yake mama, na kwa sisi Wamakonde huyo ni mama tu, ila naandika hivyo mnielewe. Anabangua korosho toka kabla sijazaliwa. Mi mwenyewe nina kaofisi ka stesheni maeneo ya Chikongola, natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, na lebo za korosho zake nazitoa hapohapo, kwa hiyo hiyo biashara naijua.

Kwa ambao hamjawahi kuona korosho ikibanguliwa nyumbani, ni kazi nzito jamani. Ghafi zinaanikwa juani kwanza zikauke vizuri, alafu zinawekwa kwenye karai lenye matundu juu ya moto wa kuni, na lile ganda lina mafuta, yakishika moto karai zima linawaka na moshi wake unawasha macho na kifua, hapo unageuza na mti mrefu haraka haraka na ukichelewa kidogo tu umeunguza, unamwaga chini unafunika na mchanga au majivu moto ufe. Zikipoa unapaka majivu mikononi unaanza kupasua moja moja, maana yale mafuta yakikupata ngozi inababuka kabisa, mikono ya wamama wanaobangua utaijua tu hata ukikutana nao sokoni. Ukishapasua unakausha tena ili lile ganda jembamba la ndani liachie, unamenya, unachambua, nzima peke yake, nusu peke yake, vipande peke yake. Na kilo nne mpaka tano za ghafi ndo zinakupa kilo moja ya kuuza. Kwa hiyo mtu akikwambia korosho bei juu, mwambie aje akae pale kwenye moshi toka asubuhi.

Sasa hii kazi hakuna aliyefundishwa darasani. Nimejifunza kwa kutumwa. Leta maji, shika hapa, ondoa hizo zisiungue, mpelekee fulani hiki kifurushi umwambie mama kasema hela mpaka ijumaa. Ukiwa mtoto unaona unatumikishwa, na sikatai kwamba kuna watoto wanatumikishwa kweli na nitalifikia hilo, lakini ndani ya kutumwa kule ulikuwa unajifunza mambo ambayo hata yeye mama mkubwa hawezi kukueleza akikaa chini. Anajua karai liko tayari kwa harufu. Mi nimemuuliza mara nyingi, mama unajuaje, ananiambia si unasikia harufu. Na kweli siku moja unaanza kuisikia. Harufu ile hujaisoma popote, ni vile umekaa pembeni yake miaka.

Lakini kuchoma, kupasua na kuchambua ndo sehemu nyepesi ya kurithisha, kwa sababu inafanyika nyumbani kila mtu anaiona. Sehemu ngumu ni ile inayofanyika kwa simu, kwa kusalimiana, kwa kwenda msibani, kwa kupeleka mchango wa unyago kwenye familia ambayo hata sio ndugu ila wana mikorosho. Hiyo watoto hawaioni kama kazi. Wanaona mama anapenda kutembea.

Ukitaka kuelewa ninachosema angalia mali kauli. Biashara nyingi huku zinaendeshwa kwa mali kauli, unachukua mzigo leo kwa neno tu unalipa ukishauza, hakuna karatasi hakuna dhamana. Sasa mwenye mali anampa nani mali kauli? Anampa mtu anayemjua ni mtoto wa nani, amekaa wapi, amechezwa unyago na kina nani, mama yake alikuwa analipa au alikuwa msumbufu. Benki inataka hati ya nyumba, hawa wanataka ukoo wako. Na kwa mtu mwenye biashara ndogo huo ndo mtaji mkubwa kuliko hela yoyote aliyowahi kuishika mkononi.

Msimu wa 2018 ndo nililiona hili likiwa wazi kabisa. Mnakumbuka, bei za mnadani zilikuwa chini wakulima wakagoma kuuza, Novemba ile Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua korosho zote kwa 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba, na uhakiki ukafanyika kwanza kwa hiyo pesa haikuwafikia wote kwa wakati mmoja. Huku kusini kila kitu kinasubiri korosho. Ada inasubiri korosho, bati linasubiri korosho, harusi, unyago, deni la dukani, vyote. Wifi yake mama mkubwa, mke wa mjomba, ana duka huko Tandahimba kijijini, daftari lake la madeni lilikuwa limejaa watu wazuri wasio na shilingi. Kilichomuokoa ni mwenye duka la jumla hapa mjini ambaye aliendelea kumpa unga na sukari na mafuta ya kula kwa mali kauli miezi yote ile, na sababu yake ilikuwa moja, bibi yetu alikuwa anachukua mzigo kwa baba yake huyo mwenye duka na hakuwahi kumdanganya. Bibi amekufa zamani. Uaminifu wake ulikuwa bado unalisha watu. Sasa niambieni hicho kitu tungekiandika wapi kwenye orodha ya mirathi?

Ila kile kisingefanya kazi kama bibi hakuwa na tabia ya kutembea na wajukuu na wakwe zake. Yule mke wa mjomba alikuwa anaenda na bibi kwenye duka lile akiwa bado bi harusi, anabeba kapu, mwenye duka akamzoea. Hakuna aliyeita hayo mafunzo.

Na hapa ndo nataka niwaeleze kisa cha jirani zetu wa zamani, sitawataja. Walikuwa wanauza ng'onda, baba mtu anachukua samaki pwani, wanapasua wanaanika, alafu mzigo unapandishwa Masasi na Newala maana kule juu bahari hamna na ng'onda wanaipenda. Biashara nzuri tu imesomesha watoto. Watoto wao wa kike ndo walikuwa wanapasua na kuanika, kila siku mikono ina chumvi, na mtoto wa kiume mkubwa alikuwa Dar na shughuli zake. Anayesafiri na mzigo alikuwa kijana wa kazi, kwa sababu binti hawezi kwenda kulala Masasi, ndo walivyoona. Miaka na miaka ni yule kijana anashuka na viroba, anakutana na wateja, anajua huyu analipa taslimu huyu mpaka mwisho wa mwezi, huyu anataka wakubwa huyu anataka wadogo. Wanamwita kwa jina la mzee, kijana wa mzee fulani, na baadae wakaacha hata kutaja mzee.

Mzee akafariki. Kikao cha ukoo kikakaa, wakaandika muhtasari, wakachagua msimamizi wakaenda Mahakama ya Mwanzo, kila kitu kwa utaratibu kabisa. Wakagawana nyumba, freza, pikipiki, vitanga vya kuanikia. Mabinti wakasema sisi tutaendelea na ng'onda, wakaanika mzigo, wakafunga safari, wakafika Masasi hawamjui mtu. Wateja wenyewe wanauliza ninyi kina nani. Kumbe kijana keshafika wiki iliyopita na mzigo wake mwenyewe.

Mtaa mzima ulimlaani yule kijana. Mwizi, kaiba biashara ya watu, hana fadhila. Mi nilikuwa nasikiliza na moyoni nasema hapana jamani, hajaiba. Hakuna freza aliyobeba wala kiroba. Alichonacho alipewa na mzee mwenyewe kidogo kidogo kila safari, na mzee alimpa yeye kwa sababu hakutaka kumpa binti yake, na hakuwahi kukaa akafikiria kwamba anachompa ni kitu. Na jingine ambalo watu hawakulisema, mshahara wake ulikuwa wa kubahatisha, leo elfu kumi kesho hamna, eti ni kama mtoto wa nyumbani. Kama ni mtoto wa nyumbani mbona kwenye kikao cha ukoo hakuitwa? Huwezi kumfanya mtu ndugu wakati wa kazi ukamfanya mfanyakazi wakati wa kugawana.

Mabinti ndo walioumia na ndo wanaonisikitisha mpaka leo. Walijua ng'onda kuliko mtu yeyote mtaani kwetu. Mmoja sasa hivi anauza vocha na maji.

Hili la kuitwa mtoto wa nyumbani ni kubwa, nataka nikae nalo kidogo. Huku kusini ni kawaida mtoto wa ndugu kuletwa mjini akae kwa shangazi au mama mdogo asaidie kazi, na ahadi inajulikana, ukikaa vizuri tutakununulia cherehani. Wangapi wamepata hiyo cherehani? Wapo waliopata, sitaki kusema uongo, na wapo mafundi wazuri hapa sokoni ambao walianza hivyo. Lakini wengi wameondoka na begi walilokuja nalo na biashara ya watu imesimama kwa jasho lao. Na hawawezi kudai, utamdaije shangazi yako? Ukidai unaonekana huna adabu, ukikaa kimya unazeeka. Na yule shangazi wala sio mtu mbaya, yeye kweli anaamini anamlea, anamlisha, anamvalisha, anamfundisha maisha. Wote wawili wanasema ukweli na bado mtoto anatoka mikono mitupu.

Alafu cha ajabu ni kwamba tukishuka tu hapo feri au Mikindani kwa wavuvi tunakuta watu haohao, ndugu haohao, wana utaratibu wa wazi kabisa. Samaki wakishauzwa zinatolewa gharama, mafuta na barafu na chakula, alafu sehemu zinahesabiwa, chombo kina sehemu yake, nyavu zina sehemu, nahodha ana sehemu, kila baharia ana sehemu. Hata kama tajiri wa chombo ni baba yako mzazi, ukirudi na samaki unapata sehemu yako kama baharia, na hakuna anayesema huna adabu kwa kuuliza. Inafanyika mchangani mbele ya watu. Yaani bahari imewalazimisha kuwa wakweli, maana mtu asiyelipwa kesho haingii chomboni. Sisi wa nchi kavu na maduka yetu na makarai yetu tumeshindwa kitu ambacho wavuvi wanafanya kila siku wakiwa bado wamelowa. Nimelisema hili nyumbani mara nyingi mpaka wananiita baharia.

Sasa kuna mambo ya majina. Huu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza 2007 ulibadilisha mengi, mkulima anapeleka chama cha msingi cha ushirika, korosho zinaenda ghala kuu, zinapigwa mnada, na siku hizi pesa inaingia benki kwenye akaunti ya mkulima. Kuna waliofaidika sana na kuna wanaolalamika na sitaki kuingia huko leo. Ninachotaka kusema ni akaunti ya jina la nani. Shamba letu ni la upande wa bibi, kimakonde mtoto ni wa mama na mjomba ndo mwenye neno, ardhi na mikorosho inafuata huko, na kwa utaratibu wa zamani mjomba alikuwa anashika kwa niaba ya dada zake na watoto wao. Anashika tu, mali ni ya wote. Lakini kwenye chama cha msingi na benki hakuna kuandika mjomba kwa niaba ya. Kuna jina moja. Jina la mjomba. Na mjomba wetu ni mtu mzuri, kila msimu anatuma, na korosho za kubangua anazotuachia hajawahi kutunyima, anapulizia salfa mwenyewe Juni Julai mikorosho isishikwe na ugonjwa wa ubwiriunga, alishaenda mpaka Naliendele kwenye kituo cha utafiti kuuliza miche, kazi anaifanya. Ila mjomba ana watoto wake, na watoto wake wanasoma jina la baba yao kwenye karatasi za benki, wataelewa nini? Wataelewa shamba la baba. Na sheria nyingine, ya dini au ya serikali, zinaweza kuwaunga mkono. Siku hiyo mama mkubwa hana ghafi. Na bila mikorosho ya nyumbani mbanguaji mdogo anapata taabu sana, maana mnadani kunauzwa kwa tani, na kangomba, ule ununuzi wa korosho wa magendo nje ya mnada, yeye hataki hata kuisikia.

Lipa namba nayo ni hivyohivyo. Wamama wengi huku wakati wa kusajili hawakuwa na kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo lipa namba imesajiliwa na mtoto, au mkwe, au mpangaji. Mteja akilipa anaona jina. Kwa muda mrefu wateja wa mama mkubwa wa Dar walikuwa wanaona jina la binamu yangu, mtoto wake wa kiume, na kidogo kidogo wakaanza kumpigia yeye, alafu binamu naye akaanza kusema wateja wangu. Hakuna ubaya aliofanya. Ile simu ilimfundisha kwamba yeye ndo mwenye biashara, na huyo binamu hajawahi kushika karai.

Na mama mkubwa mwenyewe je, yeye anajionaje? Hapa ndo huwa natamani kulia. Walipita watu wa mafunzo mtaani kwetu wanaandikisha wajasiriamali, wakamuuliza mama kazi yako nini, akawaambia sina kazi, niko nyumbani tu. Na karai linatoka moshi nyuma yake! Nikamuuliza kwa nini umesema hivyo, akasema mwanangu hii ni ya kusukuma siku. Mtu amesomesha watoto wanne, amejenga nyumba ya bati, anatuma mzigo Dar kila wiki kipindi cha msimu, ana wamama wengine wanaopasua kwake wanalipwa kwa kilo. Kazi ya kwenye mtaa wetu kwa watu wengi ni ya mwanaume, au ya ofisini, au ya kiwandani. Akina mama wanaendeleaendelea tu. Na ukishajiona unaendeleaendelea huwezi kufikiria kurithisha, maana unarithisha nini wakati huna kitu? Huwezi kumpeleka mtoto kwa mteja ukasema huyu ndo atashika nafasi yangu wakati unaamini nafasi haipo.

Nashukuru baadae alikubali kwenda SIDO, lile shirika la serikali la viwanda vidogo, kwenye semina ya usindikaji na vifungashio. Hii SIDO ipo toka 1973 na nasikia watu wengi wanaidharau lakini kwa mama mkubwa ilifanya jambo ambalo mimi na maneno yangu yote sikuweza. Kujifunza kuziba mfuko hewa isiingie ni muhimu sana, korosho ikivuta unyevu inalainika inapoteza ladha. Ila kikubwa zaidi alikaa kwenye chumba na wamama wengine toka Lindi na Masasi na Nachingwea, wa ufuta, wa muhogo, wa chumvi, wa karanga, kila mtu anasimama anajieleza. Aliporudi alikuwa anasema sisi wasindikaji. Nilifurahi mpaka nikaenda kuprinti lebo mpya usiku uleule, yenye jina lake yeye, kubwa.

Na lebo yenyewe ina historia yake. Zamani kabla ya daraja la Mkapa pale Rufiji, lililofunguliwa 2003, kusini tulikuwa kama kisiwa, mvua zikinyesha magari yanalala njiani siku kadhaa, pantoni Ndundu foleni, kwa hiyo mteja wako alikuwa jirani yako na mtoto wa jirani yako, lebo ya nini. Walipokuja watu wa gesi na wa kiwanda cha Dangote, ile miaka ya 2012 mpaka 2015, mji ukajaa wageni ambao hawajui wewe ni mtoto wa nani na wala hawana haja ya kujua. Wanataka kuona tarehe ya kufungwa, uzito, namba ya simu. Wamama wengi waliona ni dharau, yaani mi na umri huu nisiaminiwe mpaka niandike? Mi naona ni aina nyingine tu ya kujuana. Mteja wa Dar anayenunua kupitia status ya WhatsApp hatakuja msibani kwako, basi anachokishika ni ile lebo na ule uzito uliokaa sawa kila mara. Inabidi ujifunze zote mbili, na hapa ndo sisi vijana tuna cha kuwafundisha wazee na wao wana cha kutufundisha, tuache kushindana nani anajua. Mi siwezi kusikia harufu ya karai kama yeye. Yeye hawezi kukata picha ikakaa vizuri kwenye status.

Kwa hiyo nyumbani tumefanya nini. Kwanza mama mkubwa ameanza kutembea na binti yake wa mwisho, yule aliyekuwa anapasua toka shule ya msingi na hakuwahi kupelekwa popote. Anaenda naye Tandahimba, anaenda naye stendi asubuhi kwa makonda anamwambia konda huyu ni mimi, na alimpandisha basi akaenda naye mpaka Mbagala wakalala kwa mteja wake mmoja, mama mwenye duka. Ilikuwa nauli na usumbufu, binamu yangu wa kiume akasema hela ya bure si mumpigie tu simu. Haikuwa hela ya bure. Yule mama wa Mbagala sasa hivi anampigia binti moja kwa moja, wanataniana, na mzigo uliofuata alilipa nusu kabla haujaondoka Mtwara.

Lipa namba imebadilishwa, mama mkubwa alipata NIDA yake, jina linalotokea ni lake. Binamu alinuna na nilimwelewa, kwa hiyo tulikaa tukakubaliana yeye anashughulika na oda za Dar na anapata asilimia ya zile alizoleta yeye, imeandikwa kwenye daftari, na binti ana sehemu yake kila mwisho wa mwezi hata kama ni ndogo, na yule dada anayeishi pale anasaidia kazi, mtoto wa ndugu yetu wa Newala, naye ana sehemu yake na tumeifungulia laini yake mwenyewe. Hiyo ya mwisho ilileta maneno kweli kweli. Mama mdogo mmoja alisema sasa mnamlipa mtoto wenu wenyewe, kwani ni mfanyakazi? Nikamwambia mama mdogo, ndo kwanza tunamfanya mtoto wetu.

Jina la biashara tunataka kulisajili BRELA, wale wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa ubia, majina mawili, mama na binti, ili siku Mungu akimchukua mmoja mwingine asianze kujieleza yeye nani.

Kilichobaki ni shamba. Hapo pagumu. Tulimwomba mjomba tukae kikao, na watoto wake wawepo, tuandike kwamba mikorosho ile ni ya upande wa bibi na kila msimu kiasi fulani cha ghafi kinabaki cha kubangua, tuweke sahihi na mwenyekiti wa kijiji ashuhudie. Mjomba hakukataa ila hakukubali pia, alikaa kimya muda mrefu kwenye simu alafu akasema njomba, mkiandika ni kama hamniamini. Nilimjibu kwamba tunamwamini yeye kabisa, ni wajukuu wake ndo hatujawahi kukutana nao tukala pamoja. Akacheka. Amesema twende minada ikianza Oktoba tukae huko huko, na wao wachinje kuku. Binti wa mama mkubwa ndo atakayeongea, mimi naenda kuandika.